Kipunji Apata Ukoo

Sikieni wanangu, tuanze na kiboko.

Neno lake linaanza na ki-, kama kiti, kisu na kikombe. Mgeni anayejifunza Kiswahili, daftari la sarufi mkononi, atawaambia bila wasiwasi, "Kiboko kimelala mtoni." Hata mdogo wenu ambaye hajaanza shule atamsahihisha: kiboko amelala. Na kifaru amekimbia, kinyonga amegeuka rangi, kipepeo ametua. Ukilitazama neno kwa nje, utaliweka katika KI-VI. Lakini sisi tunamjua mwenye neno ni nani, kwa hiyo tunamhesabu pamoja na mtu na ng'ombe katika A-WA.

Lishikeni hilo, maana hadithi ya leo ni ya mnyama ambaye jina lake nalo linaanza na ki-. Alipojulikana kwa wanasayansi, waliutazama uso wake wakamweka katika ukoo mmoja. Mwaka uliofuata ikabidi wamhamishe.

Kusini mwa Tanzania, mkoani Mbeya, kuna mlima unaoitwa Rungwe. Ni mlima wa volkano, na misitu yake ina ukungu na baridi. Ndiko kwa Wanyakyusa. Mwanzoni mwa mwaka 2003, mtafiti Tim Davenport na wenzake walikuwa wakizunguka vijijini wakiwauliza wawindaji ni wanyama gani wanaoishi msituni. Wawindaji wakataja wale mnaowajua, mbega na wengineo. Kisha wakamtaja mmoja zaidi, kima mwenye aibu, anayeonekana mara chache. Wakamwita kipunji.

Watafiti hawakujua walichukulieje jambo hilo. Wanyakyusa wana masimulizi mengi ya viumbe vya msituni, na baadhi ya viumbe hivyo huishi katika hadithi tu. Je, kipunji alikuwa mnyama wa kuonekana au wa kusimuliwa? Njia ya kujua ilikuwa moja, kuingia msituni na kumtafuta. Miteremko ni mikali, majani yamesongamana, na mnyama mwenyewe hukaa juu mitini. Miezi ikapita wakiona kivuli kikiruka na tawi likitikisika. Mwezi Desemba 2003, katika msitu wa Livingstone jirani na Rungwe, wakamwona vizuri.

Nanyi mtazameni. Manyoya yake ni marefu, ya kahawia, kama mtu aliyejifunga blanketi kwa ajili ya baridi. Utosini nywele zimesimama wima. Uso ni mweusi, mashavuni ana manyoya marefu, na tumbo pamoja na ncha ya mkia ni vyeupe. Akishtuka hutoa mlio mzito, nusu honi ya gari na nusu mbweko wa mbwa.

Ajabu ni kwamba mwezi Julai 2004, mtafiti mwingine, Trevor Jones, alimwona kima huyohuyo katika msitu wa Ndundulu, kwenye Milima ya Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka huko. Makundi haya mawili ya watafiti hayakuwa na habari ya kazi ya wenzao. Waliposikiana, waliamua kuandika pamoja.

Sasa ikaja kazi ya jina. Mtaniuliza, jina la nini tena, na Wanyakyusa walishampa? Ni swali zuri. Chukueni tunda moja tu: Tanzania ni parachichi, Kenya ni avokado, mashariki ya Kongo ni avoka. Majina yote matatu ni sahihi kwa wenyewe. Lakini mtaalamu wa Bukavu akiandika habari za ugonjwa wa mti huo, na mwenzake wa Uchina anataka kuusoma, watajuaje kwamba wanazungumzia mti mmoja? Kwa hiyo kila kiumbe hupewa jina moja la kutumiwa dunia nzima, na parachichi kwa jina hilo ni *Persea americana*.

Utaratibu huu wa maneno mawili uliwekwa na Msweden mmoja, Carl Linnaeus, aliyezaliwa mwaka 1707. Kabla yake wataalamu wa Ulaya waliita mimea kwa sentensi nzima za Kilatini, sifa juu ya sifa, na huwezi kuita mti kwa sentensi kila unapoutaja. Linnaeus akasema maneno mawili yanatosha. Kitabu chake cha mimea kilitoka mwaka 1753, na mwaka 1758 akafanya vivyo hivyo kwa wanyama. Neno la kwanza ni la jenasi, yaani ukoo, nalo huanza na herufi kubwa. La pili ni la spishi, mtoto mwenyewe ndani ya ukoo, nalo huandikwa kwa herufi ndogo.

Mara nyingine jina hukosea. Mkwaju, huu wa ukwaju wetu wa juisi, Linnaeus aliuita *Tamarindus indica*. Neno la kwanza limetoka kwa Waarabu, waliouita ukwaju tende ya India, na la pili linarudia India ileile. Kumbe asili ya mkwaju ni Afrika! Jina halikubadilishwa, kwa sababu kanuni inasema jina lililotangulia kutolewa kwa utaratibu ndilo linalodumu. Lingebadilishwa kila linapoonekana halifai, tungerudi kwenye vurugu ileile.

Juu ya jenasi kuna ngazi nyingine. Jenasi zinazokaribiana hukaa katika familia, familia katika oda, oda katika ngeli, ngeli katika faila, na faila katika himaya. Ndiyo, mmesikia vizuri: ngeli. Vitabu vya biolojia vya Kiswahili vinatumia neno lilelile mnalolijua kwenye sarufi, nami nalipenda kwa sababu linasema kweli. Kupanga viumbe na kupanga maneno ni kazi zinazofanana, na katika zote mbili macho hudanganya. Linnaeus mwenyewe alidanganyika. Katika toleo la kwanza la kitabu chake kingine, kile cha kupanga viumbe, mwaka 1735, nyangumi alimweka pamoja na samaki. Ana mapezi, yuko baharini, angemweka wapi? Lakini nyangumi huzaa na kunyonyesha, na damu yake ni ya moto. Katika toleo la 1758 akamtoa kwa samaki, akampeleka kwenye ngeli ya mamalia, pamoja na ng'ombe na popo. Pamoja nanyi pia.

Turudi kwa kipunji. Kwamba ni mnyama, ana uti wa mgongo, ni mamalia, ni wa oda ya kima na binadamu, hapo hapakuwa na ubishi. Mambo yalikuwa magumu huku chini, kwenye jenasi. Watafiti waliona kwamba anafanana sana na kima wanaoitwa mangabei. Mangabei nao wako katika jenasi mbili, na njia mojawapo ya kuwatofautisha ni kope. Wa jenasi moja wana kope za rangi ya kung'aa, ukimkuta amefumba macho utaziona mara moja, na muda mwingi wako ardhini. Wa jenasi ya pili, *Lophocebus*, wana kope nyeusi kama uso wote, na makazi yao ni mitini. Kipunji ana kope nyeusi, tena hukaa mitini. Basi mwezi Mei 2005 wakatangaza jina lake katika jarida la *Science*: *Lophocebus kipunji*.

Neno la ukoo lilitoka vitabuni, na neno lake mwenyewe lilitoka vinywani mwa wawindaji wa Rungwe. Hapo nawapongeza watafiti wale. Wangeweza kumpa jina la tajiri au mkubwa fulani, na kanuni zinaruhusu. Walichukua lile alilokuwa nalo.

Kuna jambo jingine walilofanya ambalo nalithamini. Desturi ni kwamba spishi mpya inapopewa jina, hutengwa mfano mmoja, ngozi na mifupa, ukahifadhiwa kwenye makumbusho, ili mtu yeyote mwenye shaka aende kuukagua. Kipunji ni wachache mno. Hawakuona haki kumuua mmoja ili tu jina lipate pa kushikia. Mfano wao ukawa picha.

Lakini picha haina mifupa wala damu. Mwaka huohuo 2005, kipunji dume ambaye hajakomaa alinaswa kwenye mtego wa mkulima kando ya msitu wa Rungwe, akakutwa amekufa. Ni habari ya kusikitisha. Mwili wake ulipelekwa kwenye makumbusho ya Field, mjini Chicago, Marekani. Wataalamu wakapima fuvu na meno, wakatoa kipande cha nyama na kusoma vinasaba vyake, yaani ile rekodi iliyo ndani ya mwili ambayo kila kiumbe hurithi kwa wazazi wake.

Vinasaba havikukubaliana na kope. Vilisema ndugu wa karibu wa kipunji ni nyani.

Nyani! Mnamjua, yule wa kando ya barabara, mwenye pua ndefu kama ya mbwa, anayetembea ardhini kama mwenye shamba. Kipunji hana pua ile, wala hatembei chini vile. Sasa wafanye nini? Kumwacha kwa mangabei hawawezi, damu imekataa. Kumwingiza kwa nyani nako hawawezi, fuvu na maisha yake vimekataa. Wakakata shauri kwamba huyu ana ukoo wake peke yake. Mwezi Mei 2006 wakaandika jenasi mpya, *Rungwecebus*. Sehemu ya kwanza ni mlima wenyewe, na ile ya mwisho imetokana na neno la Kigiriki cha kale la kima mwenye mkia. Kima wa Rungwe. Haikuwa imepatikana jenasi mpya ya kima barani Afrika tangu mwaka 1923.

Hebu oneni kilichobadilika na kisichobadilika. *Lophocebus* liliondoka, likaja *Rungwecebus*, lakini kipunji limebaki palepale. Ndiyo kanuni: spishi ikihamishwa ukoo, huondoka na neno lake la pili, kama mtoto anayehamia kwa shangazi akabaki kuitwa Tumaini. Utafiti ukija siku nyingine na kuuhoji ukoo huu nao, watalijadili neno la kwanza. La Wanyakyusa litabaki.

Mwaka 2008 ilitolewa hesabu yao. Watafiti walipita msitu kwa msitu, kundi kwa kundi, wakapata kipunji 1,117, na eneo lote walimoishi lilikuwa chini ya kilomita za mraba 18. Ni wachache kuliko wanafunzi wa shule nyingi za mjini. Mnyama asiye na jina vitabuni asingehesabiwa, wala hakuna mtu ambaye angeuliza mwaka uliofuata kama wamepungua au wameongezeka.

Mkifika Rungwe, amkeni mapema, ukungu ukiwa bado haujainuka. Kaeni kimya chini ya miti mikubwa. Mkisikia ule mlio mzito, nusu honi na nusu mbweko, msiseme kipunji kimelia.