Takrolimasi Haiui Seli T

Wengi waliopandikizwa figo huamini kwamba vidonge vyao vya takrolimasi vya asubuhi na jioni vinaua kinga ya mwili. Sivyo. Ukimeza takrolimasi, seli T zako, yaani seli za kinga, ziko hai, zinazunguka kwenye damu, na figo ya mwenzako zinaitambua vizuri tu. Kinachozuiwa ni hatua moja ndani ya seli.

Seli T ikigusa tishu ngeni, kalsiamu ndani yake hupanda ghafla na kuamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinurini. Hicho huiondolea protini ya NFAT fosfeti zilizoishikilia nje ya kiini cha seli. Ikishavuliwa, NFAT huingia kwenye kiini, hushika DNA na kuwasha jeni ya interlukini-2. Interlukini-2 huzihimiza seli T zizaliane kwa wingi, na hapo ndipo figo hushambuliwa.

Takrolimasi haifiki kwenye jeni kabisa. Hujishikiza kwanza kwenye FKBP12, protini ya kawaida ya seli, kisha kwa pamoja huikalia kalsinurini isifanye kazi. Siklosporini, dawa nyingine ya waliopandikizwa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983, hushirikiana na protini nyingine, siklofilini, lakini huishia palepale. Hili liligunduliwa mwaka 1991, wagonjwa wakiwa wameshaitumia siklosporini kwa miaka. Bado linanistaajabisha: siklosporini imetoka kwa kuvu, takrolimasi kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, hazifanani kwa umbo, na zote zimekilenga kimeng'enya kilekile.

Taabu ni kwamba kalsinurini imo pia kwenye ubongo na kwenye figo. Dawa ikizidi, mikono hutetemeka na figo tuliyotaka kuilinda huumia. Ikipungua, NFAT hupenya. Ndiyo maana kiwango cha dawa kwenye damu hupimwa kabla ya dozi ya asubuhi. Ukimeza kwanza ndipo uende maabara, majibu yatampotosha daktari.

Tangu hospitali ya Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwaka 2017, wagonjwa hawa tunao hapa nyumbani Tanzania, na kifua kikuu nacho bado tunacho. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huchochea ini na utumbo kuivunja takrolimasi upesi, kiwango kikashuka hata kwa asiyeruka kidonge. Ukianzishiwa dawa za kifua kikuu, wajulishe madaktari wa figo siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki, ili dozi ibadilishwe mapema.