Zawadi Huisha, Ada Hubaki

Upande wa kaskazini wa jiji la Bujumbura, katika mtaa wa Kamenge, kipo kituo cha vijana kijulikanacho kwa jina la Centre Jeunes Kamenge. Kilianzishwa na wamisionari Waxaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vita vilipozuka mwaka 1993, mitaa ile ikagawanyika kwa ukabila. Lakini kituo kiliendelea kuwakutanisha vijana wa Kihutu na wa Kitutsi katika michezo na masomo. Mwaka 2002 kilitunukiwa tuzo ya Right Livelihood ya nchini Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1980 na Jakob von Uexkull kwa fedha alizopata kwa kuuza stempu zake za thamani.

Tuzo ni heshima, tena ni msaada. Hata hivyo, zawadi huja mara moja, ilhali mlinzi, taa na mpira uliopasuka hudai fedha kila mwezi. Kwa sababu hiyo chama chochote kidogo, kiwe cha vijana au cha wake wa askari kambini, hakina budi kutenganisha fedha za zawadi na fedha za ada. Zawadi na inunue kitu cha kudumu, kama vile cherehani, viti au mabati. Ada na igharimie matumizi ya kila mwezi. Chama kinacholipa mishahara kwa zawadi hufunga mlango siku zawadi inapokwisha.

Ada nayo ina adui wake. Tuseme wanachama 20 hutoa faranga 2,000 kila mwezi: kwa mwaka ni faranga 480,000. Mwezi Mei 2023 thamani ya faranga ya Burundi ilishushwa, na dola moja ikapanda kutoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800. Hazina iliyokuwa sawa na dola 228 ikashuka hadi dola 171, na hakuna aliyeiba hata senti. Basi, vifaa vitokavyo nje vinunuliwe mapema, na kiwango cha ada kijadiliwe kila mwaka.

Mwisho ni daftari. Askari huhamishwa, na mkewe aliye mtunza hazina huondoka naye. Daftari lisomwe mbele ya wanachama wote kila mwezi, na watu wawili watie sahihi. Hapo mtunza hazina akihama, hesabu za chama zitabaki.