Gesi ya Jiko la Mkaa Katika Mawingu ya Nyota

Kila anayepikia mkaa amewahi kuonywa asilale na jiko linalowaka chumbani, milango na madirisha yamefungwa. Gesi inayoua humo, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Gesi hiyohiyo imetapakaa katika mawingu yaliyo kati ya nyota, na huko ndiyo inayowaonyesha wanaastronomia wapi nyota mpya zitazaliwa.

Nyota huzaliwa penye baridi kali. Haidrojeni yenye joto hutanuka na kukataa kukusanyika. Ikishapoa hadi kufikia nyuzi 260 hivi chini ya sifuri, atomi zake zikiwa zimeungana mbilimbili juu ya punje za vumbi na kuwa molekuli, wingu huanza kuporomoka ndani kwa uzito wake lenyewe.

Lakini katika baridi hiyo molekuli ya haidrojeni ni bubu: pande zake mbili zinalingana kabisa, hivyo haitoi mawimbi ya redio. Mwaka 1970 Mmarekani George Carruthers aliigundua angani kwa kurusha roketi yenye kifaa cha kupima mwanga wa urujuanimno, mwanga ambao hauwezi kupenya mawingu mazito. Mwaka huohuo Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias walielekeza darubini ya Kitt Peak, Arizona, kwenye wingu la Orion, katika kundinyota la Jabari, wakanasa mawimbi ya kaboni monoksidi yenye urefu wa milimita 2.6. Kwa molekuli 10,000 za haidrojeni, ya kaboni monoksidi ni kama moja tu. Hiyo moja inatosha.

Tangu hapo akiba ya gesi ikaanza kupimwa, na hesabu zake zinashangaza. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina gesi ya molekuli yenye uzito wa majua takriban bilioni 1, na kila mwaka hutumia ya jua moja au mawili kuunda nyota. Kwa mwendo huo ghala lingekauka ndani ya miaka bilioni 1, ilhali galaksi hii ina umri unaozidi miaka bilioni 10. Ni lazima basi iwe inapokea gesi mpya kutoka nje.

Si kila galaksi hutunza akiba yake. NGC 253, iliyo umbali wa miaka nuru milioni 11 na ushee, inazaa nyota kwa pupa katika kitovu chake. Mwaka 2013 Alberto Bolatto na wenzake, wakitumia darubini ya ALMA iliyo mita 5,000 juu ya usawa wa bahari katika jangwa la Atacama, Chile, waliona gesi baridi ikifukuzwa kutoka humo. Nyota changa zenyewe ndizo zinazoipuliza nje, angalau uzito wa majua 3 kila mwaka na pengine 9, wakati gesi inayogeuka kuwa nyota katika kitovu hicho ni ya majua 3 hivi.