Kijidudu Kinachoua Vijidudu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa dawa ya moto ni moto. Mpenzi msomaji, hebu leo nikueleze habari za kijidudu kinachoua vijidudu, na jinsi kinavyoweza kumfaa mfugaji wa kuku.

Mimi ni mtoto wa mfugaji. Kwetu kuku wakianza kuharisha, mtu hukimbilia duka la dawa za mifugo, hununua antibiotiki ya unga, huikoroga katika maji yao, basi. Wengine huwapa hata kuku wazima, eti ni kinga! Dawa hizo haziui bakteria wabaya peke yao, bali hata wale wema wa tumboni. Wachache wanaosalia huwa sugu, nao huzaana. Miongoni mwao mna salmonela, ambayo humfikia binadamu kupitia mayai au nyama isiyoiva sawasawa. Mtu akizidiwa, daktari hukuta dawa zimegonga mwamba.

Sasa, kijidudu chenyewe ni kipi? Kinaitwa bakteriofaji. Ni virusi, tena ni kidogo sana kuliko bakteria. Hujibandika juu ya bakteria na kumdunga chembe zake za urithi. Mle ndani huzaliana kwa makumi, kisha bakteria hupasuka, paa! Virusi vipya hutoka kuwinda wengine. Kila aina ina bakteria wake. Kile cha salmonela hakina habari na bakteria wengine, wala hakishambulii chembe za kuku au za mtu.

Jambo hili si geni. Mwingereza Frederick Twort aliandika habari zake mwaka wa 1915. Mwaka wa 1917, Félix d'Hérelle akavipa virusi hivi jina lake huko Paris. Mwaka wa 1919 akavijaribu kwa kuku wa Ufaransa waliokuwa wakifa kwa homa ya matumbo ya kuku, iletwayo na salmonela, na vikasaidia. Baadaye zikaja antibiotiki, nchi nyingi zikavisahau. Kumbe cha kale dhahabu! Leo watafiti wamevirudia, wakiwemo wale wa ILRI hapa Nairobi, waliovichunguza kwa ajili ya salmonela ya kuku.

Hata hivyo, tusishangilie mapema. Bakteria huweza kuwa sugu hata kwa virusi hivi, ndiyo sababu huchanganywa aina kadhaa. Asidi ya tumboni nayo huviharibu vingi. Tena hupunguza salmonela tu, mara nyingi haviimalizi.

Kwa hivyo ndugu msomaji, ufagio haujastaafu. Tubadilishe maranda ya banda, tuoshe vyombo vya maji, na dawa tuitumie kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Dawa unayomharibia kuku leo, huenda kesho ikahitajika kumwokoa ndugu yako.