Mathayo 24 Chini ya Mlima Meru

Julai 2007 ardhi ya kaskazini mwa Tanzania ilikosa utulivu. Matetemeko yalianza katikati ya mwezi, yakawa yanarudi mchana na usiku, hata tarehe 17 likaja lililoyapita yote, la kipimo cha 5.9. Arusha nyumba zilitikisika. Nairobi watu walitoka mbio kwenye maghorofa wakajaa barabarani. Wiki saba baadaye, tarehe 4 Septemba, Ol Doinyo Lengai ukalipuka na kurusha majivu angani. Kwa Kimasai, jina la mlima huo maana yake ni Mlima wa Mungu.

Mkristo aliyelelewa na mahubiri ya Mathayo 24 hahitaji kuelekezwa awaze nini siku kama hizo. Sura hiyo inavitaja vita, njaa na matetemeko kuwa kama uchungu wa kwanza wa mama anayekaribia kujifungua. Ardhi ikitikisika, sura inafunguka yenyewe.

Wanasayansi waliofuatilia matetemeko yale walikuta kwamba miamba iliyoyeyuka ilijipenyeza kwenye ufa chini ya mlima Gelai, jirani na Lengai, ikaisukuma ardhi kando. Hapo ndipo Bonde la Ufa linapotanuka, milimita chache kila mwaka. Maelezo hayo hayamkanushi Mungu wala hayamzuii mtu kusali. Yanachokanusha ni dai moja tu, kwamba ardhi imeanza kutikisika juzi. Dunia nzima hupata kwa wastani matetemeko kama 15 kwa mwaka yenye kipimo cha 7 na kuendelea, na idadi hiyo hupanda na kushuka bila ongezeko la kudumu. Vilivyoongezeka ni mitambo ya kupimia, na simu zinazoleta habari ya kila tetemeko kiganjani.

Mlima Meru wenyewe ni shahidi kwamba ardhi haikuanza kutikisika juzi. Miaka kama 8,000 iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, mawe na tope vikatiririka hadi nyanda zinazoelekea Kilimanjaro, na maziwa ya Momella yakajikusanya kwenye mabonde ya kifusi hicho. Leo kilele kina mita 4,562, na kahawa na migomba ya Wameru vinanawiri kwenye udongo uliozaliwa na moto wa mlima huo.

Kusoma dalili za nyakati hakukuletwa na wamisionari. Mbatiany, laiboni mkuu wa Wamasai aliyefariki karibu na mwaka 1890, anakumbukwa katika masimulizi kuwa alitabiri vifo vya ng'ombe na ujio wa watu weupe. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ikafyeka mifugo, ndui ikafuata, kisha wakaja Wajerumani. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, chini ya Meru, na kisasi cha jeshi la Wajerumani kikawaangukia Wameru na Waarusha: watu waliuawa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa. Kwa aliyeyaona hayo yote ndani ya miaka kumi, dunia aliyoijua ilikuwa imekwisha kweli.

Wamisionari walirudi, na mwaka 1902 wakaweka kituo Nkoaranga. Kitabu cha Ufunuo walikuwa nacho, ila walirithi tahadhari ya Martin Luther, ambaye katika utangulizi wake wa mwaka 1522 alisema wazi kwamba kitabu hicho kilimpa shida. Mpaka leo Mlutheri wa Meru, kama Mkatoliki jirani yake, hufundishwa kwamba Kristo atarudi, na kwamba ile miaka elfu ya Ufunuo 20 si hesabu ya kalenda. Mchungaji wake mara nyingi humzika mtu kwa tumaini la ufufuo bila kumwambia mfiwa tumebakiza miaka mingapi.

Nenda sasa Usa River, kwenye barabara ya Moshi. Kwenye chuo cha Makumira, Walutheri wamekuwa wakiwafunza wachungaji wao tangu miaka ya 1950. Hapo hapo Usa River kipo Chuo Kikuu cha Arusha, cha Waadventista Wasabato. Wanafunzi wa vyuo hivyo viwili wanapanda daladala zilezile na kununua ndizi kwa mama yuleyule, lakini wanamsoma Danieli kwa namna mbili tofauti. Usabato ulichipuka kutoka kwa wafuasi wa William Miller, mkulima wa Marekani aliyepiga hesabu za Danieli 8. Wafuasi hao walimngojea Kristo tarehe 22 Oktoba 1844. Siku ikapita, wengi wakalia, wengine wakarudi kwenye Biblia kutafuta walipokosea. Kanisa lililozaliwa na machozi hayo lilifika Upare mwaka 1903, na tangu hapo linakataa kupanga tarehe. Linasoma historia kama safari moja ndefu: Babeli, Umedi na Uajemi, Uyunani, Rumi, kisha mvutano wa mwisho juu ya siku ya ibada.

Wapentekoste wanafuata njia ya tatu. Mafundisho ya unyakuo, dhiki kuu ya miaka saba na mpinga Kristo yalipangwa na mhubiri wa Uingereza, John Nelson Darby, katika karne ya 19, yakasambazwa na Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka Marekani mwaka 1909. Wengi wanaoyasikia kwenye mikutano ya injili hudhani ni mafundisho ya tangu mitume. Katika mpango huo saa ya dunia ni Israeli: kuundwa kwake 1948, kutekwa kwa Yerusalemu ya Mashariki 1967, na kila kombora lililorushwa baada ya hapo.

Kwa hiyo habari moja inaweza kuingia Arusha asubuhi na kufika jioni ikiwa na maana tatu. Papa Fransisko alifariki tarehe 21 Aprili 2025, na Mei 8 akachaguliwa Leo wa 14, Papa wa kwanza kutoka Marekani. Mkatoliki alishukuru kwa kumpata mchungaji mpya. Msabato aliyefundishwa kwamba mnyama wa pili wa Ufunuo 13 ni Marekani, na wa kwanza ni upapa, aliiona habari hiyo kuwa nzito kuliko uchaguzi wowote wa rais. Mpentekoste huenda aliipita tu, kwa kuwa macho yake yalikuwa Yerusalemu.

Sehemu inayogusa mfuko na mwili wa mtu ni alama ya mnyama. Ufunuo 13 inazungumzia alama kwenye mkono wa kuume au kipaji cha uso, ambayo asiyekuwa nayo hawezi kununua wala kuuza, na hesabu yake ni 666. Huko nyuma iliyoshukiwa ni mistari myeusi kwenye pakiti za bidhaa. Laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, na mwisho ukawekwa tarehe 20 Januari 2020, zamu ikawa ya namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021 kuzindua chanjo ya korona, zamu ikahamia kwenye sindano, na uvumi wa kifaa kidogo kinachopenyezwa mwilini ukapita kutoka simu hadi simu. Alama ya mnyama imebadilishwa mara nyingi mno ndani ya umri wa mtu mmoja. Wakati huo wote wataalamu wengi wa Agano Jipya wamekuwa wakieleza kwamba herufi za jina la Kaisari Nero, zikiandikwa kwa Kiebrania na kujumlishwa, zinatoa 666, na kwamba baadhi ya nakala za kale zina 616. Wasomaji wa kwanza wa Yohana, mwandishi wa Ufunuo, hawakuhitaji kungojea simu ili wamwelewe.

Kuhusu Israeli, jambo lilifika karibu kuliko wengi walivyotarajia. Katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 waliuawa pia vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo, wote wakitoka mikoa inayopakana na Arusha. Mwili wa mmoja ulirudishwa mwaka huohuo. Familia ya pili iliambiwa kwamba kijana wao ameuawa, kisha ikangoja mabaki yake mpaka Novemba 2025. Miaka hiyo miwili vita iliyofuata shambulio hilo ilihubiriwa kama sura ya Ezekieli, na Juni 2025, Israeli na Irani ziliposhambuliana kwa siku 12, Ezekieli 38 ilisomwa tena, kwa sababu Uajemi umetajwa humo. Aliyekuwa anangoja maiti ya mwanawe hakuwa na haja na ramani ya Gogu na Magogu.

Ezekieli 38 inaitaja pia Kushi, nchi ya kusini mwa Misri, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Sudani. Tangu tarehe 15 Aprili 2023 Sudani imo vitani, na zaidi ya watu milioni 10 wamekimbia makwao. Januari 2025 Goma, mashariki mwa Kongo, ilitekwa na waasi wa M23. Ni nadra kwa vita hivi kuchorwa kwenye chati za siku za mwisho, kwa sababu chati hizo zilichorwa Marekani na Uingereza, na Afrika ndani yake ni pambizo. Hilo ni kosa, na kwa mji kama Arusha ni kosa kubwa. Hapa yalitiwa saini makubaliano ya amani ya Rwanda Agosti 1993 na ya Burundi Agosti 2000. Hapa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliwahukumu wapangaji wa mauaji ya kimbari hadi ilipofungwa mwisho wa 2015. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022. Muumini wa Ngarenaro anayetaka kukesha na kuomba kwa ajili ya vita na habari za vita anayo ya kuombea bila kuvuka bahari.

Jumuiya hiyo yenyewe inaweza kuvishwa vazi la unabii. Itifaki ya sarafu moja ilitiwa saini Kampala Novemba 2013, na aliyefundishwa kuogopa serikali moja ya dunia anaweza kuliona jambo hilo kuwa hatua ya kwanza. Ukweli ni mnyonge zaidi: sarafu ilipangwa kuanza 2024, ikasogezwa hadi 2031, kwa kuwa nchi wanachama zimeshindwa kulinganisha mfumuko wa bei na madeni yao.

Makosa ya tafsiri yangebaki mjadala wa vibarazani kama yasingeua. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliambiwa dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Mwaka ukageuka, waliouza mali wakaanza kuuliza, na tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea kwa moto likiwa limefungwa. Watu waliokufa huko, pamoja na waliokutwa kwenye makaburi ya halaiki, walihesabiwa kwa mamia. Kenya, mhubiri Paul Mackenzie wa Malindi aliwaambia watu kwamba shule ni za shetani na kwamba Huduma Namba, usajili wa watu ulioendeshwa na serikali mwaka 2019, ni alama ya mnyama. Akawahamishia msitu wa Shakahola. Kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioelezwa kuwa walifunga kula ili wakutane na Yesu, watoto wengi wakiwemo. Yeye amekana mashtaka. Mwaka 2025, kesi ikiwa bado mahakamani, miili mingine ilipatikana Kwa Binzaro, si mbali na hapo.

Mathayo 24 inasema pia kwamba siku na saa haijulikani kwa mtu yeyote, na inaonya juu ya wadanganyifu kabla ya kuonya juu ya matetemeko. Kanisa lolote la Arusha linaloihubiri sura hiyo liihubiri yote. Na wewe msomaji, iwe Kijenge, Tengeru au Ngaramtoni, ukisikia mhubiri anawaambia watu wauze mashamba, wawatoe watoto shuleni, waache dawa au wafunge kula wakisubiri mwisho, nenda kwa mtendaji wa kata au kituo cha polisi siku hiyohiyo.