Katika mchezo wa vita, usimsahau mbu

Huenda msomaji ukashangaa kuona ukurasa wa afya ukizungumzia mchezo wa vita. Nivumilie kidogo. Nikimaliza kazi ya kuwapima watu shinikizo la damu, mimi hupenda mchezo ambao hapa Nairobi wachache wanaujua: vita vya mezani vinavyopiganwa kwa visanamu vya askari. Nimeucheza kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba kanuni zake nyingi zinamdanganya mchezaji kuhusu jambo moja, nalo ndilo kazi yangu ya kila siku: maradhi.

Kwanza tuelezane mchezo wenyewe. Kama unajua bao, au drafti ile ya vizibo vya soda inayochezwa vibarazani kule Kangemi na Kawangware, basi nusu yake unaijua tayari. Watu wawili wanakabiliana, kila mmoja na jeshi lake. Tofauti ni kwamba hapa hakuna miraba wala mashimo. Meza nzima ni nchi. Kitambaa cha kijani ni nyika, utepe wa buluu ni mto, na vitabu vilivyofichwa chini ya kitambaa ni milima. Askari husogezwa kwa zamu, na mwendo wao hupimwa kwa futi kamba. Risasi hupigwa kwa dadu: ukipata 5 au 6, adui mmoja ameanguka. Kikosi kikipoteza watu wengi, unarusha dadu tena kuona kama waliobaki watasimama au watatoroka.

Mchezo huu una historia ndefu. Mwaka wa 1824 jeshi la Prussia lilianza kuwafunza maofisa wake kwa mchezo wa aina hii. Mwaka wa 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kanuni zake katika kitabu Little Wars, ambamo mizinga ya kuchezea ilirusha vijiti vya mbao na kuangusha askari wa bandia. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaja hadi kwetu, Waingereza wakiwa upande huu wa mpaka na Wajerumani upande wa Tanganyika. Vita hivyo ndivyo ninavyopenda kuvicheza.

Chukua mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kutoka Bara Hindi takribani askari 8,000. Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa na kama 1,000. Ukifuata kanuni za kawaida, Mwingereza hushinda kabla chai haijapoa. Lakini katika vita vya kweli alishindwa vibaya, akarudi melini akiacha bunduki na risasi zake ufuoni. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo uongozi mbaya na hata nyuki waliokasirika wakawavamia askari. Daktari hutazama pia jambo jingine: askari hao walikuwa wamekaa melini kwa wiki kadhaa, wamebanana, wakitapika kwa mawimbi, kisha wakashushwa na kuambiwa wapigane. Kanuni inayomhesabu mtu wa namna hiyo kuwa askari kamili imekosea hesabu.

Hata hivyo, Tanga ni jambo dogo likilinganishwa na mwaka wa 1916. Jenerali Jan Smuts alitoka upande wa Kilimanjaro na jeshi kubwa, lenye askari wengi kutoka Afrika Kusini, akamfukuza Lettow-Vorbeck kuelekea kusini. Mbinu yake ilikuwa nzuri kwenye ramani. Kila mara alituma kikosi kizunguke ubavuni ili adui arudi nyuma, na adui alirudi kweli. Kila alivyorudi, Smuts alimfuata ndani zaidi ya mabonde yenye joto na mbu, mbali zaidi na chakula chake. Farasi waliuawa na ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Watu walishikwa na malaria na kuhara damu. Kikosi cha tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari kikiwa na watu 1,135. Kufikia Oktoba waliokuwa wazima ni 116, na hawakuwa wamepigana sana. Katika majeshi ya Uingereza kwenye vita hivi, kwa kila mtu mmoja aliyeumizwa au kuuawa na adui, zaidi ya 30 waliangushwa na maradhi.

Sasa jaribu hesabu hiyo mezani. Weka maharagwe 10 yawe kikosi kimoja. Kila zamu iwe wiki moja, na kabla ya kusogeza chochote, rusha dadu. Ukipata 1, ondoa haragwe moja. Kwa mwendo huo, katika wiki 24 utapoteza maharagwe manne hivi. Sasa sema kikosi kimeteremka bondeni, na haragwe linaondoka kwa 1 au 2. Katika wiki 27 umepoteza tisa kati ya 10, ambayo ni karibu sana na yaliyowapata wale wa kikosi cha tisa. Ongeza mvua au nusu posho, haragwe liondoke kwa 1, 2 au 3, na kikosi kizima kimekwisha katika wiki 20. Adui hajafyatua risasi hata moja.

Mchezaji anayejua hili hubadilika. Anaacha kuuliza "Nitamzunguka wapi?" na kuanza kuuliza "Nitawalaza wapi watu wangu?" Lettow-Vorbeck alilijua swali hilo. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, walimtengenezea kwinini kutokana na magome ya mkwinini. Baadaye askari wake walichemsha magome hayo na kunywa maji yake, machungu ajabu. Katika meza yangu, kikosi chenye kwinini hupunguziwa hatari kwa namba moja ya dadu.

Kuna kundi ambalo halionekani kabisa katika kanuni nyingi, nao ni wachukuzi. Ukipita Kenyatta Avenue, simama kwenye zile sanamu za shaba zilizowekwa mwaka wa 1928. Mmojawapo ni mchukuzi. Na mtaa wa Kariokor, ambako watu hununua vikapu na kula nyama choma, jina lake ni Carrier Corps lililotamkwa kwa ulimi wetu.

Hesabu yao ni ya kutisha. Mchukuzi hubeba mzigo wa kilo 25 hivi, na anahitaji takribani kilo moja ya chakula kwa siku. Ikiwa jeshi liko mwendo wa siku 10 kutoka ghalani, yeye atakula kilo 10 akienda na 10 akirudi. Kinachomfikia askari ni kilo tano. Jenerali akisonga mbele siku mbili na nusu zaidi, mchukuzi anakula mzigo wote na askari hapati kitu. Jenerali basi ana njia mbili: aongeze wachukuzi, au awapunguzie chakula. Yote mawili yalifanyika. Walipewa unga wa mahindi bila muda wala kuni za kuupika ukaiva, matumbo yakaharibika, kuhara kukawamaliza. Hesabu rasmi ya waliokufa upande wa Waingereza ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi hukadiria karibu 100,000. Wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Wale waliotoka nyanda za juu zenye baridi, wakiwemo wengi kutoka Kenya ya kati, waliteseka sana walipofika mabondeni, kwa kuwa miili yao haikuwa imezoea malaria.

Hapo ndipo wewe msomaji wa Nairobi unapoingia. Jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya bahari na malaria haienezwi hapa kwa wingi. Mtu anayekulia Busia au Homa Bay huumwa na mbu wenye malaria mara kwa mara, na mwili wake hujifunza kupigana nayo, ingawa kinga hiyo si kamili. Aliyezaliwa Kileleshwa hana kinga hiyo. Aliyehamia Kangemi miaka mingi iliyopita alikuwa nayo, lakini imefifia, hata kama yeye mwenyewe hujisifu kuwa "malaria ni homa ya nyumbani." Wote wawili wakipanda basi la Kisumu au Kwale mwezi wa Desemba, wanateremka bondeni kama wale wa kikosi cha tisa.

Kila Januari ninawaona katika kliniki yangu Westlands. Homa huanza wiki moja au mbili baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine baadaye zaidi, kwa hiyo mgonjwa yuko Nairobi tayari na safari ameisahau. Anasema ni mafua, ananunua dawa ya maumivu, anarudi kazini. Siku ya tatu analetwa akiwa amechanganyikiwa.

Ukisafiri, lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, hata kama wenyeji wako hawalali ndani yake. Mjamzito na mwenye mtoto mchanga wamwone daktari kabla ya safari. Ukirudi na kupata homa, nenda upimwe damu siku hiyohiyo, na useme ulikokuwa bila kungoja kuulizwa, kwa maana daktari wa Nairobi anaweza kufikiria mambo mengine kwanza. Malaria ikipatikana, tembe za AL huandikwa kwa siku tatu, mara mbili kwa siku: ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni. Zimeze pamoja na chakula au maziwa ili mwili uzinyonye vizuri, na uzimalize hata kama siku ya pili unajisikia mzima. Anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida, anayekojoa mkojo mweusi, aliyeshikwa na degedege au anayeongea maneno yasiyoeleweka apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Nikirudi kwenye meza, wapo watakaotaka kuujaribu mchezo. Huhitaji visanamu vya kununua. Maharagwe, vizibo na dadu mbili zinatosha, na ramani unaweza kuichora nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Ukipata visanamu vya zamani vya chuma kizito, jihadhari, kwa maana vingi vilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiingia mwilini kwa kiasi kidogo sana. Usivipige msasa ndani ya nyumba, usile ukivishika, nawa mikono kwa sabuni baada ya kucheza, na uviweke mahali ambapo mtoto anayetia kila kitu mdomoni hawezi kuvifikia.