Baridi ya Njombe: Jiko la mkaa lisilale na watoto

Juni ikiingia, mzazi wa Njombe hahitaji kuambiwa. Mji upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 hadi Agosti. Makambako iko chini kidogo, lakini ina upepo wake, ule unaopita chini ya mlango ukafika mpaka miguuni pa kitanda. Hapo ndipo jiko la mkaa linapohamia chumbani.

Mwaka juzi nililala kwa wifi yangu Makambako. Jioni aliweka jiko chumba cha watoto, akaziba dirisha kwa shuka kuukuu na chini ya mlango kwa gunia. "Mkaa umeshakolea, wifi, hauna moshi tena," aliniambia. Usiku mtoto wa miaka sita akalia kichwa kinamuuma, kisha akatapika. Sisi tukawa tunabishana kama ni malaria au yale maharage. Mama mkwe ndiye aliyeamka, akafungua kila mlango na kutufukuza nje na blanketi zetu. Hospitali mtoto alipewa oksijeni, akapona.

Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotudanganya. Hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwanza kichwa huuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Aliyelala hapati hata onyo hilo. Watoto na wajawazito huumia haraka zaidi. Na mkaa uliofunikwa na majivu bado unaitoa.

Isitoshe, jiko lenyewe halipashi chumba sawasawa. Aliye karibu anatoka jasho, wa pembeni anatetemeka, kwa sababu joto hupanda juu na kupotelea kwenye bati. Kama nyumba haina dari, unapasha mawingu. Wengi huongeza mkaa na kuziba zaidi, na hapo ndipo hatari inapokua.

Kwa hiyo mzazi, chagua moja: moto au kuziba. Mkiota moto jioni, uwe sebuleni, dirisha na mlango vikiwa wazi, halafu jiko litoke nje kabisa kabla ya kulala. Si kwenye korido.

Likishatoka, sasa ziba upepo chini ya mlango na tundika pazia zito. Ukipata fedha, anza na dari ya chumba cha watoto kabla ya kununua sofa (najua, sofa inaonekana na wageni). Baridi hutoka pia chini ya godoro, kwa hiyo tandika blanketi moja chini ya mtoto, si yote juu yake. Soksi na kofia. Mfuko wa mpira wa maji ya moto, uliozungushiwa kitambaa, uwekwe kitandani nusu saa kabla, kisha uondolewe mtoto mdogo akipanda.

Ukiamka usiku na kichwa kizito katika chumba chenye jiko, usitafute panadol. Fungua mlango, toa watoto wote nje, hata waliolala fofofo, kisha hospitali. Mweleze daktari kwamba mlilala na mkaa, la sivyo ataanza na kipimo cha malaria kama tulivyoanza sisi.